Wajerumani wa Rumania Waliochukuliwa Urusi

Mwezi wa Januari 1945, theluji ikiwa imetanda juu ya vijiji vya Transylvania katika nchi ya Rumania, askari wa Kirusi na wa Kirumania walipita mlango kwa mlango, orodha za majina mikononi. Waliotafutwa hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa raia wa Rumania wenye asili ya Kijerumani, ambao baadhi ya mababu zao walihamia huko tangu karne ya 12. Wanaume wa miaka 17 hadi 45, na wanawake wa miaka 18 hadi 30, waliamriwa kufunga mizigo yao. Katika wanawake walisamehewa waja wazito na wale wenye watoto wasiotimiza mwaka mmoja. Mama wa mtoto wa miaka miwili alimwacha kwa bibi yake, akaenda.

Amri hiyo ilitolewa na Stalin tarehe 16 Desemba 1944. Majeshi ya Hitler yalikuwa yameiharibu Urusi vibaya. Machimbo ya makaa ya mawe ya Donbas, huko Ukraine, yalibomolewa na kujaa maji. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini wengi waliotozwa deni lake ni wasichana wa mashambani, maana vijana wengi wa kiume walikwisha kuingizwa katika jeshi la Ujerumani siku zile Rumania ilipokuwa rafiki wa Hitler. Waziri Mkuu Rădescu alipinga kwa maandishi tarehe 13 Januari. Hakusikilizwa.

Hesabu ilikuwa lazima itimie. Majina yalipopungua, walichukuliwa hata wale ambao umri wao haukutajwa katika amri. Watu wapatao 70,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe, wakasafirishwa kwa majuma mazima katika baridi ambayo mtu wa nchi za joto ni vigumu kuidhania.

Kambini wanawake waliteremka shimoni sawasawa na wanaume. Mkate ulikuwa wa kupimwa, na haukutosha. Majira ya baridi yalipokwisha waliokota majani ya mwituni, ya jamii moja na mchicha, wakayachemsha bila mafuta. Njaa na maradhi viliua maelfu. Katika Wasaksoni wa Transylvania wapatao 30,000 waliochukuliwa, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikufa. Wagonjwa walianza kurudishwa mwishoni mwa 1945, na wengi wa waliosalia mwaka 1949. Kuna watoto waliopokea wazazi wasiowatambua.

Nyumbani walikuta kimya. Serikali ya Kikomunisti haikutaka habari hizo zizungumzwe, kwa kuwa ziliwakumbusha watu urafiki wa zamani wa Rumania na Hitler. Ni mwaka 1990 tu ndipo sheria ilipowapa waliohamishwa malipo ya uzeeni.

Miongoni mwao alikuwa mama wa mwandishi Herta Müller, aliyekaa kambini miaka mitano, na mshairi Oskar Pastior, aliyechukuliwa akiwa na miaka 17. Mwaka 2004 Müller na Pastior walikwenda pamoja Ukraine kuona mahali palipokuwa na kambi, wakakusudia kuandika kitabu kimoja. Pastior alifariki mwaka 2006. Müller alikimaliza peke yake, kikatoka mwaka 2009.