Bunduki ya Kushindilia na Baruti Yake (Sehemu ya Pili): Punje Ipi kwa Mtutu Upi?

Katika sehemu ya kwanza tulitazama bunduki yenyewe: mtutu mrefu wenye mifuo, kazi ya mafundi wa Kijerumani na wa Kiswisi waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18, risasi ya mviringo iliyovishwa kitambaa chenye mafuta, na mdeki unaoishindilia mpaka chini. Leo tunaingia kwenye baruti nyeusi. Wengi hudhani kwamba baruti ni baruti tu, mradi inawaka. Dhana hiyo imewapotezea watu shabaha, imepasua mitutu, na imewatoa wengine macho. Ndiyo maana nataka tulizungumze jambo hili taratibu, hatua kwa hatua.

Kwetu si jambo geni. Magobori yaliyopitia Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 yalitumia baruti nyeusi hiyohiyo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipozuia silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi nyuzi 22 kusini, uliacha mlango mdogo wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Bunduki yenye mifuo na baruti bora viliwekwa upande wa marufuku. Kwa hiyo hata wanadiplomasia walitambua kwamba kuna baruti na baruti.

Siku hizi bunduki hizi hutumika zaidi Marekani na Ulaya, kwa uwindaji na kwa mashindano ya shabaha. Chama cha kitaifa cha wapigaji wa bunduki za kushindilia cha Marekani kiliundwa mwaka 1933, na makao yake yako katika mji mdogo wa Friendship, jimbo la Indiana. Huko ndiko elimu ya kuchagua baruti ilikohifadhiwa vizuri, na mengi nitakayoyaeleza ni kawaida za wapigaji wa huko.

Tuanze na kilichomo. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu, na uwiano wake wa jadi ni shura asilimia 75, mkaa asilimia 15 na kiberiti asilimia 10. Shura ndiyo inayotoa oksijeni, mkaa ndio unaoungua, na kiberiti huufanya mchanganyiko ushike moto kwa joto dogo zaidi. Uwiano huu haukubadilika sana kwa muda mrefu. Kinachotofautisha baruti ya kiwanda kimoja na ya kingine ni mti uliotoa mkaa, usagaji wake, uzito wa punje kwa ujazo wake, na usawa wa punje hizo. Kiwanda cha Aubonne nchini Uswisi, kilichoanza mwaka 1853, kimejijengea jina kwa sababu ya mambo hayo. Kule Marekani, Eleuthère Irénée du Pont, aliyewahi kujifunza kazi ya baruti kwa mwanakemia Lavoisier, alianzisha kiwanda chake kando ya mto Brandywine mwaka 1802. Nchi hiyo ilikuwa na mafundi hodari wa bunduki, lakini baruti nzuri ilikuwa haba.

Sasa tufike kwenye kiini. Punje ya baruti nyeusi huungua kuanzia juu kuelekea ndani. Chukua uzito mmoja wa baruti uugawe katika punje nyingi ndogo, na eneo linaloguswa na moto litakuwa kubwa. Ugawe katika punje chache kubwa, na eneo hilo litapungua. Kila mwenye jiko la mkaa analijua hili: chenga hushika moto na kuisha kabla bonge halijakolea. Punje ndogo hutoa gesi upesi, na shinikizo ndani ya mtutu hupanda ghafla. Punje kubwa hutoa gesi polepole, zikiisukuma risasi kwa muda mrefu zaidi.

Lakini mtu asihitimishe kwamba kadiri punje zinavyokuwa ndogo ndivyo baruti inavyokuwa kali. Ukifika kwenye vumbi, kanuni hiyo inavunjika. Vumbi likishindiliwa hugandamana, nafasi za hewa zikapotea, moto ukakosa pa kupita. Hiyo ndiyo shida ya baruti ya kale iliyokuwa unga mtupu: leo hulipuka kwa kishindo, kesho huungua kwa uvivu. Ulaya ilipojifunza kuifanya baruti kuwa punje, nguvu yake iliongezeka na, muhimu zaidi, ikawa ya kuaminika. Kwa hiyo ukiona kopo lina vumbi jingi chini, ujue punje zimesagika, na baruti hiyo haitakupa mlio uleule mara mbili.

Viwanda hupanga punje kwa herufi. Katika mfumo wa Kimarekani, Fg ni punje kubwa, takriban milimita 1.2 hadi 1.7. FFg, ambayo wapigaji huita F mbili, ni milimita 0.6 hadi 1.2. FFFg, yaani F tatu, ni kama milimita 0.3 hadi 0.85. FFFFg ni laini kabisa, karibu na chumvi ya unga. Kila F inavyoongezeka, punje hupungua. Alama ikiishia na herufi A badala ya g, hiyo ni baruti ya kupasulia miamba. Haifai kuingia kwenye bunduki yoyote.

Kuoanisha punje na mtutu hufuata kipenyo. Mtutu wa inchi 0.45 (milimita 11.4) au mwembamba zaidi hupewa F tatu, kwa kuwa risasi yake ni nyepesi na huondoka upesi. Kuanzia inchi 0.50 (milimita 12.7) kwenda juu, F mbili ndiyo ya kawaida. Bunduki nene za kijeshi za inchi 0.69 au 0.75 huweza kutumia Fg. Mpaka wa inchi 0.50 si ukuta: wapo wanaotumia F tatu hapo na kupata shabaha nzuri, lakini hupunguza kipimo kwa asilimia 10 hadi 15, kwa sababu F tatu huleta shinikizo kubwa zaidi kuliko F mbili ya kipimo kilekile.

Namna bunduki inavyowashwa nayo ina neno lake. Bunduki ya fataki hutuma moto mkali moja kwa moja kwenye baruti, kwa hiyo haisumbui. Bunduki ya gumegume inategemea cheche za jiwe na chuma zinazoangukia baruti kidogo iliyo kwenye kifa, kisha mwale wake upite kwenye tundu jembamba kuingia mtutuni. Kwenye kifa ndipo F nne hupata kazi yake, kwani hushika cheche mara moja. Kazi yake iishie hapo. Kuijaza mtutuni kama baruti kuu ni kualika shinikizo ambalo mtutu haukuundwa kulistahimili.

Baada ya punje kuna kipimo. Wapigaji hupima kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648. Kawaida ya zamani ni kuanza na greni sawa na kipenyo: mtutu wa inchi 0.50 huanzia greni 50, kama gramu 3.2. Hapo ni pa kuanzia tu, na kikomo ni kile alichoandika mtengenezaji wa bunduki husika. Waswahili walisema kila chombo kwa wimbile, na majeshi ya karne ya 19 yanatupa ushahidi. Enfield ya Uingereza ya mwaka 1853, ya inchi 0.577, ilipewa dramu 2 na nusu, karibu gramu 4.4. Springfield ya Marekani ya mwaka 1861, ya inchi 0.58, ilipewa greni 60, karibu gramu 3.9. Vipenyo vyao vinakaribiana mno, ila kila moja ilikuwa na risasi yake na kipimo chake.

Baada ya kila mlio, mpigaji makini huenda kukiokota kitambaa kilichoivisha risasi. Hukiona chini, hatua kadhaa mbele ya mtutu. Hukinyoosha kiganjani na kukisoma. Kikiwa na alama nyeusi ya mviringo katikati, nyuzi zake bado zikiwa imara, mambo ni sawa. Kikiwa kimeungua au kutoboka katikati, gesi imepita pembeni mwa risasi: huenda kitambaa ni chembamba, huenda mafuta ni machache, au baruti ni nyingi kupita kiasi. Kikiwa kimekatwa na mifuo, huenda mdomo wa mtutu una makali ya kulainishwa. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, akapiga tena, akasoma tena. Asiyekuwa na subira hii atailaumu baruti kila siku.

Unyevu na masizi navyo vinataka uangalizi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi inapoungua hubaki kuwa chembe ngumu. Nyingine hutoka kama moshi mzito mweupe, nyingine hung'ang'ania ndani ya mtutu. Mabaki hayo hunyonya maji ya hewani na kuleta kutu. Katika hewa kavu ya bara huwa magumu na kuizuia risasi inayofuata kushuka. Katika hewa ya pwani hulainika kuwa tope. Risasi isipofika chini na kuikalia baruti, pakabaki nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana mtutu hufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo katikati ya milio, na huoshwa siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, kisha ukakaushwa na kupakwa mafuta.

Baruti mbadala zimekuwapo tangu miaka ya 1970, Pyrodex ikiwa maarufu zaidi. Hizi hupimwa kwa ujazo kana kwamba ni baruti nyeusi, kamwe si kwa uzito, kwa sababu wepesi wao hutofautiana. Huhitaji joto kubwa zaidi ili ziwake, kwa hiyo hufanya kazi kwenye fataki lakini huisumbua bunduki ya gumegume.

Lipo onyo moja ninaloomba msomaji asilisahau. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipovumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, dunia ina baruti za aina mbili zisizobadilishana. Ile ya kisasa huzaa shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko nyeusi. Nyingi hupakwa grafiti, zikawa na rangi ya kijivu iliyokoza au nyeusi kabisa, kwa hiyo rangi si ushahidi. Ushahidi ni kopo la kiwandani lenye lebo yake. Baruti iliyofunguliwa kwenye risasi za kisasa, iliyotoka machimboni, au iliyosagwa uani kwa mtu haina nafasi katika bunduki ya kushindilia. Wala baruti isimiminwe kutoka kwenye pembe au kopo moja kwa moja mtutuni: kaa moja lililosalia ndani litaiwasha pembe nzima mkononi. Humiminwa kwanza kwenye kipimo cha shaba, pembe ikafungwa, ndipo kipimo kikamiminwa.

Kwa wasomaji wa hapa kwetu, gobori la urithi nalo ni silaha mbele ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bila leseni, na bila fundi bunduki kuukagua mtutu wa zamani, mjadala wa punje haujaanza.

Mwenye leseni na mtutu uliokaguliwa atauliza maswali yake kwa mpangilio huu: mtengenezaji anasema nini, kipenyo ni kipi, moto unatoka kwenye jiwe au kwenye fataki, na hapo ndipo atafute punje, kisha kipimo. Mtu anayeanza na sifa za kopo dukani ameanzia mwisho. Juma lijalo tutazungumzia risasi na kitambaa chake, na kwa nini unene wa kitambaa unaweza kuharibu kazi yote ya baruti nzuri.

Itaendelea.