Mahakama na Haki (6): Jaji mmoja, shangazi mmoja, kibanja kimoja

Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba jaji wa mahakama ya chini ya shirikisho asiizuie amri ya Rais nchi nzima pale ambapo anayelalamika mbele yake ni mtu mmoja au wachache. Shauri lilitokana na amri ya Rais Donald Trump ya tarehe 20 Januari, iliyotaka kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wageni. Majaji wa Maryland, Massachusetts na Washington walikuwa wameizuia. Jaji Amy Coney Barrett, aliyeandika uamuzi wa wengi, hakuligusa swali la uraia lenyewe. Alisema tu kwamba zuio limkinge aliyeshitaki, lisivuke hapo. Jaji Sonia Sotomayor alipinga vikali. Na hazikupita wiki mbili: tarehe 10 Julai jaji wa New Hampshire akalipokea shauri la watoto hao wote kama kundi moja, akaizuia tena amri ileile kwa kupitia mlango mwingine.

Hapa Bukoba watu wanaosikia habari hizi redioni wananiuliza inakuwaje jaji mmoja asiyechaguliwa na mtu amkwamishe Rais aliyepigiwa kura na mamilioni. Waliosoma sehemu ya pili ya mfululizo huu, nilipoeleza kesi ya Marbury ya mwaka 1803, wanajua msingi wake: mahakama inaweza kukibatilisha kinachopingana na Katiba. Sitaurudia kwa urefu. Wanaotaka mkono wa jaji ufupishwe wana hoja ya kusikilizwa, kwa sababu mawakili wajanja huzunguka nchi wakitafuta jaji anayewafaa, na serikali za vyama vyote viwili vya Marekani zimekwishaumizwa na mtindo huo. Hata hivyo mimi nasimama upande wa pili. Haki ikishaonekana kuwa ni haki, haifai impate aliyekuwa na nauli ya kwenda mahakamani na imkose jirani yake. Imani hiyo sikuipata Washington. Niliipata katika hukumu iliyoanzia Kashasha, wilayani Muleba, ambayo nimeisoma kwa miaka mingi na bado naifungua kila ninapohitaji kukumbuka jaji anaweza kufanya nini.

Wageni hulijua jina la Kashasha kwa kile kicheko kilichowashika wasichana wa shule Januari 1962, kikavuma mpaka kwenye vitabu vya madaktari. Ningependa walijue kwa Bi Holaria Pastory.

Bi Holaria alirithi kibanja cha ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Baba mwenyewe ndiye aliyeamua kibanja kiende kwa binti. Alipozeeka na nguvu kumwishia, huku hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 alikiuza kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake tu, tarehe 25, Bernardo Ephrahim, ambaye kwake Bi Holaria ni shangazi, alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akiomba mauzo yatamkwe kuwa batili, kwa kuwa mila ya Wahaya haimpi mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mama aliyekosa wa kumtunza akapata wa kumshitaki ndani ya siku moja. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mlalamikaji: mauzo hayapo, Bi Holaria arudishe fedha.

Hakimu yule hakubuni kitu. Kanuni ya 20 ya sheria za urithi, iliyomo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ilisema wazi kwamba mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo ataitumia maisha yake bila kuiuza, labda ukoo uwe hauna mwanamume hata mmoja. Tangazo hilo ndilo linalowapanga warithi kwa daraja: mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba kubwa daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane, akiwa na watoto, sehemu yake ni kutunzwa na wanawe.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye utamu wa historia yetu. Kanuni hizi tumezizoea kuziita mila za mababu, na ziliandikwa kwa kalamu ambayo tunaijua ilikuwa ya nani. Mwaka 1944 Serikali ya Wenyeji ya Bukoba, chini ya Waingereza, ilitunga kanuni za urithi wa mashamba kwa wanawake, zikamwachia binti matumizi tu, hata kwa shamba ambalo baba yake alijitafutia mwenyewe. Mwaka 1945 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, pamoja na M. M. Hartnoll, wakachapisha kitabu kizima cha sheria za mila za Wahaya, kila desturi ikiwa na aya na namba yake. Cory huyohuyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuunganisha mila za makabila ya ukoo wa kiumeni, ikazaa tangazo la 1963, yeye akiwa amekwishafariki. Wazee waliohojiwa walikuwa wanaume. Desturi ambayo zamani ilijadiliwa upya kila msiba, kulingana na marehemu alikuwa nani na binti alimfanyia nini, ikawekwa kwenye karatasi, na karatasi haijadiliani na mtu.

Tena hayo yaliandikwa wakati wanawake wa Buhaya walikuwa wanafanya mambo mengine machoni pa kila mtu. Kuanzia miaka ya 1930 walikuwapo waliokwenda Kampala na Nairobi, wakarudi na fedha, wakanunua vibanja kwa majina yao. Walisemwa vibaya sana, makanisani na vijiweni, na wengine wanasemwa hadi leo na wajukuu wanaokula ndizi za vibanja hivyo. Lakini hakuna aliyekataa fedha zao, na vibanja walivipata. Aliyezaliwa Kagera anajua ninazungumza juu ya nini: nyumba ikiwa katikati, migomba imeizunguka, mibuni imesimama katikati ya migomba, makaburi ya mababu humohumo. Mwanamke aliyekiweka kibanja cha namna hiyo katika hali ya kuzaa, kwa kukitandazia nyasi na kukipogolea majani mwaka baada ya mwaka, hakuwa mgeni katika ardhi ile. Kuambiwa kwamba hana uwezo wa kuiuza kwa sababu tu ni mwanamke ni dhuluma, hata ikisemwa kwa heshima zote za kikao cha ukoo.

Bi Holaria alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na hapo upepo ukageuka. Hakimu aliona jambo ambalo nchi nzima ilikuwa haijalizoea. Haki za binadamu ziliingizwa ndani ya Katiba yetu mwaka 1984, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya maandalizi, hivyo ni tangu Machi 1988 tu ndipo mtu aliweza kuzidai mahakamani. Kibanja kiliuzwa Agosti mwaka huohuo, miezi mitano baada ya mlango kufunguliwa. Hakimu akasema kwa haki hizo za Katiba wanawake wa ukoo wana haki sawa na wanaume wa ukoo. Bernardo Ephrahim naye akakata rufaa Mahakama Kuu ya Mwanza, maana wakati ule rufaa za Kagera zilivuka ziwa. Rufaa hiyo ikafika mezani kwa Jaji James Mwalusanya.

Mwalusanya hakuwa jaji wa kujificha nyuma ya taratibu. Ni yeye aliyeipiga sheria ya kikoloni ya kuwahamisha watu kwa nguvu, katika kesi ya Chumchua Marwa. Ni yeye aliyebatilisha kifungu kilichowanyima washitakiwa dhamana, katika kesi ya Daudi Pete, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubaliana naye kwamba kifungu kile kilivunja Katiba. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Safari hiyo Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka uliofuata. Waliompinga walisema anavuka mipaka ya kazi yake. Nasema alikuwa anaifanya.

Hukumu ya Bi Holaria aliitoa tarehe 22 Februari 1990. Kabla yake majaji walikuwa wakisikitika tu. Mwaka 1968, katika kesi nyingine ya mabinti wa Kihaya, Mahakama Kuu ilisema inawaonea huruma, ila kubadili mila si kazi ya mahakama. Mwalusanya akauliza swali jepesi: mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya ndugu, sheria inasemaje? Inasema mauzo yanasimama, ila ndugu anaweza kukikomboa kibanja kwa kumlipa mnunuzi fedha zake. Basi na kwa mwanamke iwe hivyohivyo. Akatumia Sheria Na. 16 ya 1984, inayozitaka mahakama zizisome sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba, akaisoma kanuni ya 20 kuwa wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza. Zile kanuni za Bukoba za 1944 akazitamka kuwa batili. Mrufani akapewa miezi sita: alipe shilingi 300,000 akikomboe kibanja, akishindwa kiwe mali ya mnunuzi. Kama kweli kilichomsukuma ni uchungu wa ardhi ya ukoo, njia ilikuwa wazi.

Halafu jaji akaandika sentensi ambayo ndiyo iliyonifanya nianze na Marekani. Hakuishia kwa Bi Holaria wala kwa Buhaya. Alisema kuanzia sasa wanawake wa Tanzania nzima wanaweza kuinua vichwa vyao na kudai urithi wa ardhi ya baba zao, ya ukoo na ya kujitafutia, kama wanaume. Aliongeza kwamba wasishangilie mno, kazi iliyobaki bado ni nyingi. Shangazi mmoja ndiye aliyekuwa mbele yake, na alichokiona ni nchi nzima.

Wamarekani nao walipitia njia hiihii, tena kwa mirathi. Mwaka 1967 Sally Reed wa Idaho alifiwa na mwanawe wa pekee. Mali ya kijana haikufika dola 1,000. Yeye na baba wa mtoto, waliokuwa wameachana, kila mmoja aliomba usimamizi wa mirathi, na sheria ya Idaho ilisema wakilingana, mwanamume atangulie. Ruth Bader Ginsburg alikuwa miongoni mwa walioandika hoja zake, na Novemba 1971 Mahakama ya Juu ikaitupa sheria hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kutumia Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, kumlinda mwanamke dhidi ya ubaguzi wa jinsia. Marekebisho hayohayo ndiyo yaliyobishaniwa katika shauri la uraia wa watoto.

Je, mkono wa Mwalusanya ulifika wapi? Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya kusimamia madai ya haki za msingi, ikataka shauri la namna hiyo lisikilizwe na majaji watatu, na ikairuhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha sheria mbovu badala ya kuitangaza batili. Mwaka 1999 zilikuja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikampa mwanamke haki sawa ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi, na kuibatilisha mila inayomnyima. Hapo Bunge lilifanya vema. Lakini mirathi haikuguswa. Mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka tangazo lilelile Na. 436 mbele ya Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Majaji wakakiri kwamba ni ubaguzi, kisha wakaogopa kulifuta. Bunge halijatunga sheria moja ya mirathi kwa Watanzania wote.

Kwa hiyo nendeni kwenye matanga yoyote Kamachumu, Nshamba au Ihangiro, siku ya kumtaja mrithi. Mwenyekiti wa ukoo ana daftari mkononi, wanaume wamekaa mbele, mabinti wa marehemu wanapita na sahani. Jina linatajwa, watu wanaitikia, na hakuna aliyewahi kusikia habari za hukumu ya Mwanza. Wabunge wetu wa Kagera, ambao wengi wamelelewa na mama na shangazi wa vibanja hivyo, wanasubiri nini kupeleka hoja?

Wakati tunawangoja, baba mwenye mabinti aandike wosia, kama baba yake Bi Holaria. Kwa kanuni za kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje; asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi wawe wanajua kusoma. Binti aliyekwisha kupata kibanja aombe hati ya hakimiliki ya kimila kijijini kwa jina lake, na ugomvi ukitokea aanzie Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake.

Wiki ijayo nitawaeleza habari za wale wajane wa Shinyanga, na jinsi malalamiko yao yalivyoamuliwa na kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 2015.