Unazicheka sanamu za uchi? Kumbe zililiwa machozi!

NILIKUWA nimekaa ukumbini na wifi yangu, tunapekua kitabu cha picha za kale alichoazima kwa jirani. Tukafika kwenye sanamu moja ya mwanamke yuko uchi wa mnyama, matiti yamemlalia tumboni, makalio kama magunia mawili ya mkaa. Mie nikacheka mpaka machozi. Wifi hakucheka. Akaniuliza polepole, "Sasa huyu aliyemchonga alikuwa anataka nini?"

Nikafunga mdomo. Wifi ana mwaka wa sita kwenye ndoa na kaka yangu, mtoto hajapatikana, na wiki hiyohiyo wazee walikuwa wameitisha kikao. Wee acha tu! Ajenda unaijua mwenyewe.

Basi, msomaji wangu, swali lake likanikaa kichwani. Nikaanza kulifuatilia.

Hana uso, hana nyayo

Sanamu ile ilifukuliwa mwaka 1908 huko Willendorf, Austria, na inatunzwa kwenye jumba la makumbusho mjini Vienna. Ukiiona kitabuni unadhani ni jitu zima, kumbe urefu wake ni kama sentimeta 11 tu, inaenea kiganjani. Umri wake? Kama miaka 30,000! Imechongwa kwa jiwe la chokaa na ilipakwa rangi nyekundu. Matiti, tumbo na sehemu za siri vimechongwa kwa makini, lakini uso hana na nyayo hana. Haiwezi hata kusimama yenyewe.

Wengi wameiita alama ya uzazi. Wengine wanabisha: wanasema huenda ni hirizi, au unene ulikuwa ndoto ya watu walioishi kwa kuwinda kwenye baridi kali, ambako kushiba ni bahati. Aliyeichonga hakuacha barua, kwa hiyo mabishano hayajaisha.

Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 2017 mtandao wa Facebook uliiondoa picha yake, eti ni picha chafu! Makumbusho ya Vienna yakaja juu, na mwaka 2018 Facebook wakaomba radhi. Kumbe siko peke yangu niliyeangalia kwa jicho bovu.

Misri mwanaume naye yumo

Ukija Misri ya kale kubahatisha kunapungua, maana wale walikuwa wanaandika. Walikuwa na Taweret, mungu wa kike mwenye umbo la kiboko mwenye mimba, amesimama kwa miguu miwili, tumbo mbele. Sura yake inatisha kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwafukuza wabaya wasimsogelee mjamzito wala mtoto. Wanawake walivaa hirizi zake.

Halafu alikuwepo Min. Huyu ni mwanaume, na sanamu zake zinamwonyesha uume umesimama, bila kificho. Aliombwa rutuba ya watu na ya mashamba, na sadaka yake ilikuwa majani ya saladi, yale yanayotoa utomvu mweupe ukiyakata. Sababu ya utomvu huo malizia mwenyewe, gazeti hili linasomwa na watoto. Ila huyu Min mshike vizuri, nitamrudia.

Mtoto wa Akua

Ghana, kwa Waasante, wanasimulia habari za mwanamke aitwaye Akua. Hakuwa anapata mtoto. Akaenda kwa mganga, akaambiwa achongeshe mtoto wa mti, ambebe mgongoni na kumtunza kama mtoto wa kweli. Akafanya hivyo. Mtaa mzima ukamcheka: "Mwoneni mtoto wa Akua!" Kwa lugha yao, Akua ba. Akua hakumtupa. Mwisho akazaa mtoto wa kike, na wale waliokuwa wanacheka wakaanza kuchongesha wa kwao. Ndiyo maana sanamu zile mpaka leo zinaitwa akuaba: kichwa kama sahani, shingo ndefu yenye pingili, mwili mdogo.

Nilipomsomea wifi kisa hiki alitaka kurudia sehemu moja tu, pale mtaa unapocheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kumbe hata kwetu!

Nikadhani mambo haya ni ya mbali. Bibi yetu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, akanikata kauli. "Mjukuu wangu, unakwenda mpaka Ghana, mwana hiti humjui?"

Mwana hiti ni kitoto cha mti cha Wazaramo na majirani zao kama Wakwere. Hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili kama kigogo, vititi vidogo, kitovu, na kichwa chenye nywele zilizochongwa vishungi. Msichana akivunja ungo na kuwekwa ndani alipewa mwana hiti amlee. Amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, alale naye. Hapo mwali alikuwa anafundishwa umama kwa vitendo, na papo hapo anaombewa uzazi. Akimtupa ovyo, wakubwa walihofia hatapata wa kwake. Siku hizi vingi viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wenyewe wanazunguka hapa mjini hata jina hawalijui. Mie nikiwa wa kwanza.

Nilichokiona ni hiki. Toka jiwe la Willendorf mpaka mti wa Kisarawe, mwili uliochongwa ni wa mwanamke. Akuaba anabebwa na mwanamke. Mwana hiti anawekwa mikononi mwa msichana hata kabla hajachumbiwa. Hamu ya mtoto ni ya wote, lakini mzigo wa kumtafuta kabebeshwa mmoja. Ni Min peke yake, yule wa saladi, anayekumbusha kuwa kuna mtu wa pili kwenye habari hii.

Kikao

Siku ya kikao wazee waliongea sana. Mara ukoo unakwisha, mara kijana atafutiwe mwingine. Wifi kainama, anachezea ncha ya khanga. Ni yeye aliyekwenda hospitali mara mbili na kuambiwa hana tatizo. Ni yeye aliyeogeshwa dawa za miti mpaka ngozi ikamchubuka.

Bibi akakohoa. Kama ujuavyo utani wa bibi na wajukuu, kaka kwake ni mume.

"Mke mwenzangu mmempeleka kila mahali," akasema. "Na huyu mume wetu mmempeleka wapi?"

Kimya. Hata feni ilisikika.

Msomaji wangu, haya si maneno ya bibi peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na tatizo la uzazi maishani mwake. Chanzo kinaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanaume, kwa wote wawili, au kisijulikane. Na kipimo cha kwanza cha mwanaume hakihitaji kisu wala sindano. Ni kikopo tu. Sasa mbona tunakiogopa kuliko simba?

Wiki iliyofuata kaka alikwenda, na wifi alimsindikiza. Majibu ni yao wawili, siyaandiki hapa. Ila kikao cha pili hakijaitishwa mpaka leo.

Kile kitabu wifi hajakirudisha kwa jirani. Juzi nimekikuta wazi kwenye ukurasa uleule wa Willendorf. Safari hii sikucheka.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.