Tutunze Stika za Pikipiki na Magari

Barabara kuu ipitayo Kasulo haina usingizi. Malori yanakwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Hiace na bodaboda nazo zinapishana mchana kutwa. Vyombo vingi vimevalishwa stika. Nyingine ni ndogo kama kiganja. Nyingine hufunika mlango mzima wa gari au tangi lote la pikipiki.

Stika ina kazi. Hupendezesha chombo, hutangaza biashara, tena hukinga rangi isichubuke. Lakini isipotunzwa hukauka, hupasuka, na hubanduka pamoja na rangi. Maji yakiingia hapo, bati hupata kutu. Je, kijana anayeendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba atamjibu nini mwenye mali?

Stika ni kitu gani?

Siyo karatasi. Ni plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja. Plastiki hiyo hutengenezwa viwandani kutokana na chumvi pamoja na mafuta ya ardhini au gesi. Yenyewe ni ngumu. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Waldo Semon, aligundua namna ya kuilainisha kwa dawa. Dawa hiyo ndiyo inayoifanya stika ikunjike na kulala vizuri juu ya tangi.

Fikiria ngozi ya mbuzi. Ikiwa na mafuta yake hukunjika. Ikikauka huvunjika. Stika ni hivyo hivyo. Jua kali na petroli huiondolea ulaini wake. Petroli huyeyusha na gundi pia.

Namna ya kuitunza

1. Ioshe kwa maji, sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Mwagia maji kwanza ili vumbi letu jekundu litoke. Ukisugua vumbi kavu, utaikwaruza.
2. Usiioshe kwa petroli. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza tangi, ifute mara moja.
3. Ukitumia mashine ya kuoshea magari, usielekeze maji kwenye kingo za stika.
4. Egesha chombo kivulini.

Namna ya kuitengeneza

Kona ikibanduka, usingoje. Safisha vumbi, kausha, kisha pasha joto kidogo kwa draya ya saluni. Bonyeza kwa kitambaa kikavu mpaka ishike. Usitumie kiberiti wala moto wowote! Tangi lina petroli, na moshi wa plastiki hii una sumu.

Ikifanya puto la hewa, litoboe pembeni kwa sindano. Sukuma hewa polepole kuelekea kwenye tundu.

Ikichanika, kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimeta 1 kila upande. Zungusha kona zake, maana kona kali hubanduka upesi. Kibandike kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukatie mezani, usikatie juu ya chombo. Wembe hukata rangi.

Stika iliyozeeka iondolewe kabla haijawa kama ganda la yai. Ipashe joto, kisha ivute polepole ukiilaza nyuma. Usiivute kwa nguvu kwenda juu. Gundi iliyobaki ifute kwa mafuta ya taa kidogo, injini ikiwa imepoa, halafu osha kwa sabuni. Ukikuta kutu, piga msasa na upake rangi kwanza. Kuficha kutu chini ya stika mpya ni kulea ugonjwa.

Stika za usiku

Zile stika zinazong'aa zikimulikwa na taa siyo pambo. Ndizo zinazomwonyesha dereva kwamba mbele kuna lori limesimama, au baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Zikiwa na matope hazionekani. Zifute kila jioni. Zikichakaa, weka mpya. Usizitie viraka.

Ndugu, kitambaa, sabuni na dakika chache vinatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tujadiliane

1. Kwa nini petroli huharibu stika?
2. Katika kijijini chetu, ni vyombo gani havionekani usiku? Tufanye nini?