LEBO HAZITOKI? USIKIMBILIE KUPIGA WINDOWS!

Nauza viatu mtandaoni hapa Dodoma, mizigo natuma kwa basi Kondoa, Mpwapwa mpaka Singida. Lebo zangu zinatengenezwa na skripti ndogo ya Perl.

Juzi nikanunua laptop ya mtumba, nikahamishia skripti kwa flashi. Nikiibofya, dirisha jeusi linatokea na kupotea. Fundi akasema Windows imekufa, akaipiga upya kwa 20,000. Oda zote zikafutika, na lebo bado hazitoki!

Kumbe dawa ni hii:

1. Usiibofye. Fungua Command Prompt, ingia kwenye folda ya skripti, andika:
perl lebo.pl
Sasa kosa litabaki kwenye skrini, lisome.

2. Ikisema "'perl' is not recognized", Perl haipo. Pakua Strawberry Perl, ni bure. Ukishaiweka, funga dirisha lile ufungue jipya.

3. Ikisema "Can't locate PDF/API2.pm", Perl ipo, moduli ndiyo haipo. Ukihamisha skripti, moduli hazihami nayo. Hakikisha una bando, andika:
cpanm PDF::API2
Mkwaju unageuka nukta pacha mbili, .pm inatoka. Herufi kubwa ziache kubwa.

Kisha rudia namba 1. Ikitaja moduli nyingine, nayo iweke hivyohivyo.

Moduli niliirudisha siku hiyohiyo. Oda nilizitafuta moja moja kwenye WhatsApp usiku kucha, na wawili mpaka leo sijawapata. Kabla hujampa mtu kompyuta yako, soma kosa kwanza, na oda zako ziwe na nakala pembeni.