UZI: "Tutapima kila Mkenya bure!" Ahadi tamu, lakini tuiangalie vizuri

1/ Msimu wa siasa ukifika, hakosi mtu jukwaani wa kuahidi "uchunguzi wa mapema kwa wote". Leo nachukua magonjwa ambapo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, kama lupus. Sitaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinivute kwa vita vyenu.

2/ Mbona nalijali hili? Binamu yangu. Viungo vilimuuma, akachoka ovyo, nywele zikaanza kutoka. Akatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Karibu miaka miwili. Jina lupus lilipotajwa, figo zilikuwa zishaguswa.

3/ Sasa utasema: si basi tupimwe wote? Ngoja. Kipimo kinachoanza kutumika sana kwa lupus ni cha damu, kinaitwa ANA. Shida ni kwamba watu wengi wazima kabisa wanaweza kupatikana nayo na wasiugue kamwe.

4/ Hesabu ya mfano tu: pima watu 10,000. Tuseme 5 kati ya kila 100 wanapatikana na ANA. Hao ni 500. Tuseme wenye lupus kweli ni 10. Waliobaki 490 wanarudi nyumbani na hofu, na kila mmoja anataka vipimo zaidi. Nani analipa?

5/ Kumbe "uchunguzi wa mapema" ni vitu viwili. Kuna kupima kila mtu hata asiye na dalili. Na kuna kumtambua haraka aliye na dalili tayari. Binamu yangu alihitaji hicho cha pili.

6/ Cha kwanza si upuzi. Mwaka 2023 Italia ilipitisha sheria ya kupima watoto kisukari cha aina ya kwanza na siliaki. Lakini huko kipimo kinaonyesha hatari mapema, na jibu lina kazi: familia inajua dalili za kuangalia kabla mtoto hajazidiwa.

7/ Kwetu, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Jedwali la Nne linagawa kazi: sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, vituo na zahanati ni za kaunti. Mgonjwa huanzia zahanati. Kwa hivyo usimuulize mgombea wa kitaifa peke yake, muulize na gavana.

8/ Maswali ya kubeba kwa mkutano:
– Afisa wa kliniki wa kwetu amefunzwa kushuku lupus msichana akirudi mara ya tatu na dalili zile zile?
– Zahanati ina vile vijiti vya kupima protini kwa mkojo? Ni bei nafuu, na vinaweza kuonyesha mapema figo zikiguswa.
– Akipatikana, rufaa ni wapi, na bima inalipa dawa za kila mwezi?

9/ Akijibu "tutanunua mashine", muulize tena.