Divai ya Orvieto na samaki wa Tanganyika

Kwenye ufuko wa Burundi, kutoka Rumonge kushuka hadi Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania, samaki wana mapishi mengi. Mukeke huchomwa kwenye makaa na kukamuliwa ndimu. Ndagala huanikwa juani, kisha huungwa kwa mawese. Sangala hukatwa vipande vikapikwa kwa nyanya na vitunguu, na pilipili haikosekani mezani. Ushauri wa siku zote kwamba samaki huenda na divai nyeupe ni wa kweli, ila ni mfupi mno kwa meza kama hii. Hapa yatazamwe kwanza mafuta na pilipili, ndipo samaki mwenyewe.

Kwa wanywaji wa divai, napendekeza Orvieto. Ni divai ya mji wa jina hilo huko Umbria, katikati ya Italia, uliojengwa juu ya mwamba wa volkano. Si mbali na hapo kuna ziwa Bolsena, ambalo wenyeji wake hula samaki wa maji baridi kama sisi. Jina la Orvieto linalindwa kisheria tangu 1971, na kanuni za sasa zinataka angalau asilimia 60 ya divai itokane na zabibu za aina mbili: Trebbiano, ambayo wenyeji huiita Procanico, na Grechetto. Trebbiano huzaa sana na huleta uchachu, lakini ikiwa peke yake divai huwa nyepesi mno. Grechetto huipa uzito, pamoja na uchungu kidogo wa lozi unaobaki ulimini baada ya kumeza.

Uchachu huo ndio unaofaa kwa mawese. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda kwa urahisi, ndiyo maana hutanda ulimini, na tonge la tatu la ugali wa muhogo halina tena ladha ya lile la kwanza. Divai chachu huamsha mate na kuusafisha ulimi. Lakini isiwe baridi kama barafu, kwa sababu baridi kali huyagandisha mawese mdomoni na kuifunika harufu ya divai. Itoe kwenye friji robo saa kabla ya kula.

Divai nyekundu iache kwa nyama. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye divai, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi katika nyekundu, huchangia harufu kali ya shombo pale divai inapokutana na samaki. Ndagala wakavu wana mafuta na harufu nzito tayari, kwa hiyo wao ndio wa kwanza kuharibika.

Palipo na pilipili nyingi, angalia kilevi. Kilevi huongeza mwasho, na divai kavu yenye asilimia 14 itamfanya mlaji aache chakula. Orvieto ina aina yenye utamu kidogo, iitwayo abboccato, ambayo huutuliza mwasho. Hiyo ndiyo ningeweka kando ya sangala wa nyanya na pilipili. Kwa mukeke wa kuchoma, chukua ile kavu, wala usiongeze ndimu nyingi: uchachu wa ndimu ukiizidi divai, divai huonekana bapa.

Chupa ya Italia si rahisi kupatikana kila mahali. Jirani yetu Tanzania hulima zabibu Dodoma, kilimo kilichostawishwa na wamisionari wa Kiitaliano katika karne iliyopita, na huko hutengenezwa divai nyeupe ya Chenin Blanc. Nayo ina uchachu wa kutosha kwa mawese, nami naiona mbadala halali kabisa.

Kwa wengi wa ufukweni wasiokunywa pombe kwa ajili ya dini au kwa hiari yao, kazi ile ile hufanywa na maji ya ndimu yasiyotiwa sukari nyingi. Sheria ni ile ile: uchachu dhidi ya mafuta, utamu kidogo dhidi ya pilipili.

Wenye hoteli za ufukweni, nawaomba jambo moja. Msipange chupa za divai nyeupe dirishani au juu ya kabati karibu na jiko. Joto la pwani hii huiua ndani ya wiki chache, na mteja atalaumu divai ilhali kosa ni la mahali ilipowekwa.